Wachora ramani wenzangu, hizi nyekundu na kijani zenu zinatuumiza (kisa cha fimbo yangu bonde la Lukuledi)

Bibo Jekundu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apitilize tu, sitamlaumu.

Niko Mtwara mjini, kazi yangu ni ramani za kompyuta. Mashamba, barabara, visima, chochote unacholeta nakuchorea. Mwezi uliopita niliitwa kusaidia kuwasilisha ramani ya hatari ya mafuriko kwenye kijiji kimoja bonde la Lukuledi, upande wa Lindi. Ramani sikuichora mimi. Iliandaliwa na wataalamu wa mbali, ikachapwa kwenye turubai kama bango la kampeni, ikatundikwa kwenye mwembe mbele ya ofisi ya kijiji. Mimi nilipewa fimbo tu, niwaeleze watu kwa lugha yao.

Nikaanza vizuri. Hapa mto, hapa barabara, hapa shule. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, kichwani kofia ya kiua, akanyoosha mkono. "Mwanangu, mimi nakaa nyuma ya kisima cha zamani, kwenye minazi. Kwangu pakoje?" Nikakitafuta kisima, nikakipata, nikasogeza ncha ya fimbo kidogo kusini. "Kwako salama mzee, hapa ni kijani."

Kimya. Halafu binti mdogo, darasa la tano hivi, kambeba mdogo wake mgongoni, akasema kwa sauti: "Mjomba, hapo pekundu."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akacheka, na mimi nikacheka, maana ningefanyaje. Mzee hakucheka. Alikuja kuniambia baadaye kwamba mwaka juzi maji yalimkuta kitandani, akaamka anaelea na kandambili zake.

Sasa nisemee hapa ambapo hamnijui sura: nyekundu na kijani sizitofautishi vizuri, tangu kuzaliwa. Si kwamba naona dunia kama TV ya zamani. Buluu naiona safi, njano naiona safi. Shida ni nyekundu, kijani, kahawia na chungwa zikikaa karibu karibu, kwangu zote ni ukoo mmoja wa majani makavu. Nikiwa mtoto, msimu wa korosho, wenzangu wakisimama chini ya mti wanaonyeshana, "lile kule, jekundu!" Mimi naona majani matupu mpaka upepo ulitikise. Mabibo ya njano ndiyo nilikuwa nawatangulia. Nikaitwa mvivu wa kutafuta.

Turubai lile lilikuwa na ngazi tano: kijani iliyokolea, kijani nyepesi, njano, chungwa, nyekundu iliyokolea. Kwenye jicho langu njano ya katikati inang'aa kuliko zote, na ncha mbili zinaangukia kwenye giza lilelile. Kwa hiyo "salama kabisa" na "hama leo" kwangu ni rangi moja. Katika ramani nzima, vitu viwili ambavyo havikutakiwa kufanana ndivyo vilivyofanana.

Na si ya mafuriko tu. Picha za setilaiti za afya ya mikorosho zinakuja hivyo hivyo, nyekundu mti unaumwa, kijani mti mzima. Ramani za mvua zinakuja na upinde wa mvua mzima. Nataka kujua: tuko wangapi humu, na nyie mnaochora mnafanyaje?

---

Kangomba Mstaafu

Hii chai mkuu, tena ya maziwa. Kazi ya ramani huku huoni rangi? Na Simba na Yanga unawatofautishaje?

---

Bibo Jekundu

😂 Derby haina shida. Yanga ana njano yake, na Simba nyeupe haikosi mahali. Nikizidiwa namwangalia shemeji, yeye Simba damu, akikunja uso najua nani kafunga.

Kazini sitegemei jicho. Kila rangi kwenye kompyuta ina namba zake, nyekundu kamili ni 255, 0, 0. Nikichora mwenyewe najua nimeweka nini. Taabu ni nikishikishwa fimbo ya ramani ya mtu mwingine.

---

Sista wa Zamu

Mleta uzi pole, na huyo wa chai asikusumbue, kitu kipo.

Nyuma ya jicho kuna chembe za kupokea rangi, tunaziita koni, za aina tatu. Kwa watu kama wewe, ile inayopokea zaidi upande wa nyekundu au ile ya upande wa kijani ina hitilafu au haipo. Jeni za hizo mbili zinakaa kwenye kromosomu ya X. Mwanamke ana X mbili, moja ikiharibika nyingine inamsitiri. Mwanaume anayo moja tu, na hiyo kaipata kwa mama yake. Kwa hiyo mama anaweza kuona rangi zote vizuri, ila kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata.

Ukitaka kujua ilikotoka usimuulize baba, angalia wajomba. Sisi watu wa Kusini hilo halitupi taabu, Wamakonde, Wayao na Wamwera ukoo tumeufuata kwa mama siku zote 😀

Kwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini ni kama mwanaume mmoja kati ya 12, na mwanamke mmoja kati ya 200. Vipimo vingi vya Waafrika vinaonyesha kiwango cha chini ya hapo. Ila kuna wanaoipata ukubwani na watu huwa hawawahesabu. Ethambutol, moja ya dawa za kifua kikuu, inaweza kuugusa mshipa wa jicho, na dalili ya mapema mara nyingine ni mgonjwa kuanza kuchanganya nyekundu na kijani. Hilo usilinyamazie, mwambie anayekupa dawa siku hiyohiyo. Na wazee wenye mtoto wa jicho, lenzi inageuka njano, buluu zinaanza kufifia. Sasa jiulize kwenye mikutano ya kijiji mstari wa mbele wanakaa akina nani.

---

Bibo Jekundu

Sista, umenirudisha mbali.

Mjomba wangu mkubwa alikuwa fundi cherehani Mikindani. Kwenye meza yake kila rola la uzi lilikuwa na kikaratasi chini, kimegundishwa kwa uji wa muhogo, na herufi kwa kalamu ya risasi: N, K, KH, B. Tukiwa watoto tulidhani ndivyo mafundi wote wanavyofanya. Siku moja nikavibandua nichezee. Sitaki kusimulia zaidi, ila jioni ile kuna kanzu ilitoka na mshono wa kijani kifuani.

Hakuwahi kumwambia mtu. Nimeelewa leo, nasoma koment yako kwenye bajaji.

---

Mwl Newala

Mnamkumbuka Dalton wa kemia ya sekondari, yule wa atomu? Naye alikuwa hivyohivyo, na kaka yake pia. Mwaka 1794 alisimama mbele ya wasomi wenzake Manchester akaeleza jinsi anavyoona. Yeye aliamini maji ya ndani ya jicho lake yana rangi ya buluu inayochuja nyekundu, akaagiza akifa macho yapasuliwe yaangaliwe. Alipofariki 1844 wakapasua, maji meupe pe. Mabaki yakahifadhiwa, na mwaka 1995 wakapima vinasaba: jeni ya koni ya kijani haikuwepo. Alikosea sababu, ila maelezo yake ya anachokiona yalikuwa sahihi.

Mimi nafundisha kusoma ramani. Shiti za topografia za 1:50,000, kontua (mistari ya mwinuko wa ardhi) zina rangi ya kahawia na uoto ni kijani. Nilikuwa na kijana anahesabu kontua vizuri kabisa kwenye eneo jeupe, akiingia msituni anapotea, anaruka tatu nne. Nilimgombeza miaka miwili. Siku moja nikampa nakala ya fotokopi kwa sababu shiti nzuri alikuwa nayo mwenzake, akapata zote. Kwenye fotokopi msitu ulikuwa umefifia, mistari imebaki.

Nilitakiwa kushtuka siku ile. Sikushtuka.

---

Mtu wa Nachingwea

Samahani kama nitakwaza. Mko wangapi hasa? Nyekundu ni hatari, kijani ni salama, hata mtoto anajua. Tuvunje kitu ambacho watu mia wanakielewa kwa ajili ya wawili?

---

Bibo Jekundu

Swali halali mkuu, hujanikwaza.

Kwanza tuache macho yangu. Ramani ikishamaliza mkutano inaenda wapi? Turubai linarudi na gari lililolileta. Mtendaji anabaki na nakala ya A4, anaipeleka steshenari, anatoa fotokopi kumi za vitongoji. Fotokopi nyeusi na nyeupe, maana ya rangi nani ailipie. Kuanzia hapo kijiji kizima kinaona rangi vibaya kuliko mimi.

Nilifanya hilo jaribio wiki ileile. Nikachukua nakala ndogo ya ile ramani, nikaenda kwa dada wa steshenari, nikamwambia nitolee moja. Ikatoka. Nikamwonyesha, "Dada, wapi hapa pa hatari?" Akaigeuza juu chini, akaisogeza taa, akanionyesha kijani iliyokolea. Yeye macho yake mazima kabisa.

Ramani za mvua za upinde wa mvua ni mbaya zaidi. Ule mpangilio, buluu nzito, samawati, njano, nyekundu nzito, ncha zote mbili ni giza na katikati ndiko kunakong'aa. Ukiitoa fotokopi, palipopigwa na mvua kubwa na palipokauka panatoka kijivu kimoja. Na hata kwa mwenye macho mazima, pale njano inapoanza jicho linaona ukingo, kama kuna mpaka wa kitu, kumbe mvua imepanda taratibu tu. Wanasayansi wamelipigia kelele sana jambo hili. Mwaka 2020 Crameri na wenzake wawili waliandika kwenye jarida la Nature Communications kwamba rangi za namna hiyo zinapotosha data yenyewe, achilia mbali kuwaacha nje watu kama mimi. Mwaka 2014 MATLAB, programu ya hesabu na grafu, iliachana na upinde huo kama rangi yake ya kuanzia. Matplotlib, nyingine ya kuchora grafu, nayo kuanzia toleo la 2.0, mwaka 2017, inaanza na mpangilio uitwao viridis: zambarau nzito, inapanda kwenye buluu-kijani, inaishia njano. Siri yake ni kwamba inatoka gizani kwenda kwenye mwanga bila kurudi nyuma. Itoe fotokopi, ngazi zinabaki mahali pake.

Pili, la nyekundu kuwa hatari nakubaliana nawe. Iache. Iondoe kijani tu. Anza na njano iliyopauka, nenda chungwa, malizia nyekundu nzito inayokaribia damu ya mzee. Palipo salama pawe peupe kama karatasi. Watu wako mia hawapotezi kitu.

---

Mtu wa Nachingwea

Hapo kwa dada wa steshenari umenimaliza. Naendelea kusoma.

---

Mawe ya Rondo

Mie jiolojia. Nyie mna uhuru wa kubadili, sisi rangi zetu za vipindi vya umri wa miamba zimepangwa kimataifa: Jurasi buluu, Kretasia kijani, Paleojini chungwa, Neojini njano. Sasa angalia pwani yetu. Kuanzia Kilwa kushuka Lindi ndiko Kretasia na Paleojini zimelala jirani, yaani kijani na chungwa ubavu kwa ubavu kilomita kwa kilomita. Na zile rangi mbili zina mng'ao karibu sawasawa. Zigeuze kijivu, mpaka wa miaka milioni 66 unafutika, ule ule wa dinosaria kutoweka!

Kinachotuokoa ni desturi ya zamani. Kila eneo la ramani ya jiolojia lina herufi katikati, J ya Jurasi, K ya Kretasia, na kuendelea. Wazee wetu wa fani hawakuiamini rangi peke yake, wino ulikuwa unapauka juani. Nikipeleka wanafunzi Tendaguru kule Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria 1909 hadi 1913, nawaambia soma herufi kwanza, rangi baadaye.

Kwa kifupi mjomba wako mwenye vikaratasi alikuwa mwanajiolojia.

---

Korosho Data

Mleta uzi, mimi nachora ramani za mashamba ya wakulima huku Tandahimba na kweli natumia nyekundu-njano-kijani kila siku, sikuwahi kuwaza. Nipe hatua, nifanyeje kesho asubuhi?

---

Bibo Jekundu

Mkuu, unatumia QGIS bila shaka, ile programu ya kuchora ramani. Kwanza ujione mwenyewe. Fungua ramani yako, menyu ya View, shuka mpaka Preview Mode. Humo kuna chaguo za kuigiza macho ya mtu asiyeona nyekundu, asiyeona kijani, asiyeona buluu, na ya kijivu tupu. Bonyeza ya kijani. Nadhani utakaa kimya kidogo.

Ukimaliza, bonyeza ya kijivu. Hiyo ndiyo steshenari yako. Kama ramani inasomeka hapo, nusu ya kazi imekwisha bila kumuuliza mtu yeyote anaona nini.

Kwa afya ya mikorosho, ambako una pande mbili, mbovu na nzima, na katikati ya kawaida, chukua kahawia kwa mbovu na buluu-kijani kwa nzima, katikati weupe. Unaweza pia kuchukua chungwa na zambarau. Cynthia Brewer wa Pennsylvania alishatengeneza orodha ya rangi za ramani, ColorBrewer, ipo bure mtandaoni na ndani ya QGIS pia imo. Mtandaoni kuna kisanduku cha kutiki, inakuonyesha zile tu ambazo watu wa aina yangu tunazitofautisha. Ukikitiki, hiyo nyekundu-njano-kijani yako inatoweka kwenye orodha. Ngazi zisizidi tano. Saba, mtu yeyote anaanza kubahatisha.

Kama ni makundi yasiyo na mpangilio, mfano minazi, mikorosho, mihogo, mikoko, hapo usitegemee rangi peke yake. Weka michirizi ya mshazari kwa moja, vitone kwa nyingine, wazi kwa ya tatu. Mistari iwe tofauti kwa sura, mmoja mzima, mwingine wa kukatika. Na alama za pointi: kisima kizima duara, kibovu pembetatu. Usiweke duara jekundu na duara la kijani, nakuomba kwa jina la mjomba wangu.

Mwisho ufunguo. Ufunguo wa ramani ukikaa pembeni una visanduku sita vidogo, mimi natakiwa nibebe rangi kichwani kutoka pale hadi katikati ya ramani. Sifiki nayo. Andika neno juu ya eneo lenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa kwenye tahadhari zao za hali mbaya wanaandika Angalizo, Tahadhari, Tahadhari Kubwa, maneno kabisa. Wakati wa Kimbunga Kenneth, Aprili 2019, tunaambiwa tuhame mabondeni huku Mtwara, mimi nilisoma neno. Rangi sikuihitaji.

---

Korosho Data

Nimebonyeza ile ya kijani.

Mkuu. Shamba lenye ubwiriunga (ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) na shamba lililopigwa salfa vizuri ni kitu kimoja. Nimekuwa nawapelekea watu hii misimu miwili. Kuna mzee mmoja kila nikimwonyesha anasema "sawa mwanangu, sawa," halafu anakwenda kupulizia upande ambao sijamwambia. Nilikuwa namsema vibaya nyuma.

---

Kangomba Mstaafu

Nafuta kauli ya chai. Naulizia tu, kuna miwani yake? Nimeona tangazo, watu wanavaa wanalia.

---

Sista wa Zamu

Miwani hiyo inachuja baadhi ya mwanga, kwa wengine rangi fulani zinaachana zaidi. Koni ambayo haipo hairudi. Usiuze mbuzi.

---

Bibo Jekundu (wiki tatu baadaye)

Wakuu nimerudi, niliahidi kwa PM nitaleta mrejesho.

Niliomba data ya ile ramani ya mafuriko, wakanipa bila kinyongo, nikaichora upya. Njano iliyopauka, chungwa, nyekundu nzito yenye michirizi juu yake. Palipo salama peupe. Kila eneo limeandikwa kwa herufi kubwa: MAJI HUFIKA, MAJI HUFIKA MARA CHACHE, HAYAFIKI. Nikaweka na mwembe, kisima cha zamani, msikiti, nyumba ya mwenyekiti. Nikatoa fotokopi thelathini za kawaida, nyeusi na nyeupe, nikapanda Hiace.

Safari hii sikushika fimbo. Niligawa karatasi nikakaa kwenye benchi. Yule binti alikuwepo, akachukua yake akaketi chini na mdogo wake. Mzee wa kofia ya kiua akaishika ya kwake mbali, kama wanavyoshika wazee, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali tena. Kidole kikatembea kutoka msikitini, kikapita kisimani, kikasimama.

"Hapa kwangu. Maji hufika. Kweli."

Kisha kidole hakikuondoka. Kikashuka kidogo, kikafuata mstari wa mto, kikarudi. Akaniita.

"Mwanangu, ramani yako inasomeka. Ila mto haupiti hapa tena. Tangu maji yale ya mwaka juzi umekata huku, nyuma ya minazi. Hapa sasa watoto wanachezea mpira."

Wawili watatu jirani yake wakaitikia, mmoja akachukua kalamu yangu akachora palipo na mto juu ya karatasi yake. Data ya wale wataalamu ni ya kabla ya mafuriko.

Jumamosi naenda na GPS, mzee kasema tuanze alfajiri kabla ya jua.

---

Mawe ya Rondo

Nina nafasi Jumamosi. Mnaondokea wapi?